Ng'ombe wa Kwenye Tablet

Jumatatu, 3 Februari

Mzee amekataa nimshike mkono. Nilijua atakataa.

Kavetsa, mtaalamu wa mazoezi pale kliniki, alituonyesha Ijumaa. Unaweka vidole vyako ndani ya kiganja cha mgonjwa, unamwambia afinye, anaachilia, mnarudia. Asubuhi, mchana na jioni. Brian alikuwa anatikisa kichwa kama mwanafunzi mzuri. Lakini Brian ni mwalimu. Anatoka kabla jua halijachomoza na kurudi likiwa limezama. Anayebaki hapa Kiplombe na baba yake ni mimi na laptop yangu.

Sasa baba mkwe, mzee wa kanisa, mfugaji wa Kikalenjin kutoka Sugoi, akae afinye vidole vya mke wa mtoto wake? Aliangalia ukutani akasema, "Hiyo wacha tu, Nduta. Tutangoja Brian." Nikasema sawa, Mzee. Hata kwetu Wakikuyu ningeona haya.

Brian alirudi amechoka. Wakafinyana vidole kidogo wakati wa habari, basi. Siku nzima mkono wa kulia ulikuwa umelala pajani kama wa mtu mwingine. Na Kavetsa alisema wazi: miezi hii ya kwanza baada ya stroke ndiyo ya kupigania. Ikishapita, mkono unazoea kulala.

Mzee mwenyewe anataka kitu kimoja tu, kurudi kwake Sugoi kabla ya watu kupanda mahindi. Brian alimwambia atarudi siku atakayoweza kukamua ng'ombe kwa mikono yake miwili. Nadhani alisema hivyo kumtia moyo tu. Mzee ameichukua kama ahadi.

Jumatano, 5 Februari

Wazo limenijia nikimpima Mzee presha. Ule mpira wa kufinya! Unatosha kiganjani, ni laini, na una bomba la hewa. Nikiweka sensa ndogo mwisho wa bomba, tablet itajua amefinya kwa nguvu gani. Na mtu wa Sugoi akifinya kitu laini kinachoning'inia, atakuwa anafanya nini kama si kukamua?

Kazi yangu nikiieleza kwa Mama ni "kutengeneza magemu ya simu". Ukweli ni kwamba kazi yangu ni kuamua mtu apewe nini akifaulu na anyang'anywe nini akishindwa. Mengine yote ni rangi. Ukirudi kila siku nakupa zawadi. Ukikosa siku moja nakunyang'anya ulichokusanya, ili uumie, ili kesho usikose. Kampuni inanisifu kwa hilo. Sijawahi kuwaona watu ninaowafanyia hivyo. Huyu nitamwona, tena yuko sebuleni kwangu na blanketi magotini.

Jumapili, 9 Februari

Nimekasirika na sijui nimkasirikie nani.

Gemu ilikuwa tayari baada ya kanisa. Ng'ombe mweupe mzuri, ndoo chini, na juu ya skrini namba zangu zote: nguvu ya mkono, lita za maziwa, na idadi ya ng'ombe kwenye boma. Kila ukijaza ndoo, unaongezewa ng'ombe mmoja. Mzee alishika mpira. Akafinya. Maziwa yakaruka ndani ya ndoo na sauti yake kabisa, nilikuwa nimeirekodi kwa jirani. Alitabasamu kwa ule upande wa uso unaotabasamu. Nikajiona fundi.

Kisha akamuuliza Brian hizo namba pale juu ni za nini. Brian akamsomea: hii ndiyo idadi ya ng'ombe wako.

Mzee aliweka mpira chini. "Ni nani amewahesabu?"

Kwao ng'ombe wa mtu hawahesabiwi hivyo, wala idadi yao haitundikwi juu pale kila mgeni aione. Mwenyewe anawajua kwa kuwaangalia. Kuwahesabu ni kuwaitia mabaya. Hakunigombeza, alivuta tu blanketi lake akageukia ukuta, na hiyo ni mbaya zaidi.

Jikoni Brian aliniambia, "Nilisahau kukwambia. Hata mimi sijui wako wangapi kule nyumbani, na nimezaliwa kwa hiyo boma." Umesahau? Jioni zote hizi umekaa nyuma yangu ukiniangalia nikichora hiyo namba! Lakini haya pia ni yangu. Cucu, nyanya yangu mwenyewe, hakuwahi kukubali wajukuu wahesabiwe. Nilipoanza kazi nikaweka alama juu ya skrini kwa sababu gemu zote zina alama juu ya skrini. Sikufikiri hata kidogo.

Nimetoa namba zote. Si za ng'ombe peke yake, hata lita, hata nguvu ya mkono. Hizo nimezihamishia kwenye ukurasa wangu kwa laptop. Kwenye tablet kumebaki ng'ombe, ndoo na maziwa yanayopanda.

Jumanne, 11 Februari

Leo Mzee amenipa majina. Chelel ndiye mweupe, lakini ana doa begani, "usimfanye mweupe wote kama shati la harusi." Cheptui mweusi. Beauty ni wa kahawia, pembe moja imepinda kwa sababu ya ukorofi wake. Nikachora, akakataa, nikachora tena.

Akasema gemu yangu ina uongo mwingine. Hakuna ng'ombe anayetoa maziwa kabla ya ndama kuonja. Nikaongeza ndama. Sasa ndama anaonja, anaondolewa, ndipo unafinya. Alicheka mpaka akakohoa. Tangu hiyo stroke ya Desemba sikuwa nimemsikia akicheka.

Nampenda huyu mzee. Sijawahi kuandika hivyo mahali popote.

Alhamisi, 20 Februari

Ameacha kucheza.

Kosa ni teke. Gemu bila hatari haina ladha, ndivyo tulivyofundishwa. Kwa hiyo ukifinya kidogo mno, Chelel anachoka kukungoja, anapiga ndoo teke, na maziwa yote yanamwagika. Unaanza upya. Mkono wa Mzee asubuhi ni mzito. Ndoo ilimwagika Jumanne, ikamwagika jana, ikamwagika leo mara kwa mara. Kila ikimwagika anafunga macho.

Leo amenirudishia tablet kwa mkono wa kushoto. "Mimi siwezi kumwaga maziwa kila siku kama mlevi."

Nimemkumbuka Muigai, kaka yangu. Tukiwa wadogo pale Langas kulikuwa na chumba cha PlayStation, na sheria ilikuwa moja: anayefungwa anatoka kwenye kiti. Muigai alikuwa hodari, akikaa hakuna wa kumtoa. Mimi nilikuwa nangoja foleni ndefu, nakaa, nafungwa, natoka. Wale waliohitaji kujifunza ndio waliokaa kitini muda mfupi zaidi. Mwishowe niliacha kwenda, nikasema gemu ni za wavulana. Sheria ilinifukuza na mimi nikadhani nimeamua.

Na sasa nimemjengea Mzee chumba kilekile.

Jumamosi, 22 Februari

Nimeondoa teke. Chelel sasa ni mpole kama malaika. Ufinye, usifinye, ndoo haimwagiki.

Mzee alicheza kidogo, akaegemea kiti. "Huyu ng'ombe ni mgonjwa?" Nikamuuliza kwa nini. "Hasongi. Hapigi teke. Basi mimi hapa nafanya nini?"

Akaniomba redio.

Jumatatu, 24 Februari

Kliniki. Ilikuwa siku ya mwisho ya Kavetsa, anaenda kujifungua, hatarudi karibuni. Alikuwa anashika kiuno akituhudumia. Nilimweleza yote, teke na bila teke. Hakucheka kama nilivyoogopa. Aliomba tablet, akakamua Cheptui mwenyewe, akasema teke lirudi.

"Lakini punguza ile nguvu inayohitajika, ashinde kwanza," akaniambia pembeni. "Akizoea, unapandisha kidogo. Akizoea tena, unapandisha. Ashinde, lakini asishinde bure. Na usimwambie kila saa, utamchosha."

Nimerudi nyumbani nikabadilisha gemu mara moja. Teke limerudi. Na nimeongeza kitu: akishindwa mfululizo, kiwango kinashuka chenyewe, kimyakimya. Kipande cha kukipandisha sikukiandika. Nitakipandisha mimi kwa mkono, nikiona yuko tayari.

Jumapili, 2 Machi

Inafanya kazi! Mzee anaamka kabla yangu na kuniita, "Nduta, ng'ombe wamelala njaa?" Anakamua Chelel kabla ya chai na Beauty baada ya chai. Beauty akinyanyua mguu anamkemea kwa Kikalenjin, anafinya, mguu unashuka. Anashinda kwa shida kidogo, ile shida tamu. Brian amerekodi video akaituma kwa kundi la familia. Jemutai, dada yake Brian aliyebaki na boma kule Sugoi, alijibu kwa maombi marefu.

Ijumaa, 7 Machi

Nilipandisha kiwango leo, kidogo tu, kama Kavetsa alivyosema. Ndoo ikamwagika. Akajaribu tena, ikamwagika. Alitupa mpira, ukagonga kabati. Hakula chakula cha mchana. Jioni nilimsikia akimwambia Brian, "Bibi yako ameharibu ng'ombe."

Brian alikuja akaniuliza kwa upole kama naweza kurudisha ilivyokuwa. "Alikuwa anaendelea vizuri. Kwa nini uiguse?"

Nimerudisha. Nitajaribu tena wiki ijayo.

Jumatano, 19 Machi

Kazi imenifika shingoni. Kampuni inataka mfumo mpya wa zawadi kabla ya mwezi kuisha. Mzee anakamua mwenyewe, sihitaji hata kumwashia. Ndoo zinajaa. Sijapandisha kiwango. Nilijaribu mara moja tu wiki iliyopita, uso wake ukabadilika kabla hata maziwa hayajamwagika, nikakishusha mbio.

Mawingu yanakusanyika upande wa Sugoi kila alasiri. Mzee anakaa mlangoni anayaangalia.

Jumanne, 25 Machi

Leo nilikuwa napangusa tablet. Chelel alikuwa kwenye skrini, ndama ameshaonja. Nikaushika ule mpira niuweke kando, na kidole changu kidogo kikaugusa. Kuugusa tu. Maziwa yakaruka.

Nikagusa tena kwa kidole hichohicho. Nikaendelea. Ndoo ikajaa. Chelel akalamba pua yake, ambayo ndiyo shukrani niliyompa.

Nikafungua ukurasa wangu kwa laptop. Kiwango kimekuwa kikishuka. Kila asubuhi mbaya kimeshuka kidogo, na kwa sababu hakuna aliyekipandisha, hakikurudi. Mkono wa Mzee umepata nafuu kidogo, ndiyo, vidole vinafunga. Lakini ulisimama karibu pale ulipokuwa mwanzoni mwa mwezi. Kilichoendelea ni gemu. Yeye anakaza kidogo, gemu inamwambia hongera, kesho anakaza hata chini ya hapo. Kwa nini akaze zaidi? Hakuna aliyemdai zaidi.

Kama namba zingekuwa juu ya skrini, Brian angeona. Hata Mzee angeona. Nilizitoa kwa heshima, na heshima yenyewe ikawa pazia. Nyuma ya pazia niko mimi peke yangu.

Nitamwambia Brian kesho.

Jumatano, 26 Machi

Sikumwambia. Nilikuwa nimekaa mezani namngoja, maneno yako tayari. Akaingia na viatu vyake vya matope, akasema kabla ya salamu, "Nimeongea na Jemutai. Shule ikifungwa, Jumamosi ya tarehe tano tunampeleka Mzee nyumbani. Atakamua Chelel mwenyewe." Alikuwa anang'aa. Tangu Desemba amekuwa mtu wa kukunja uso, na leo akanikumbatia hapo jikoni, mimi na mwiko mkononi. "Umemponya baba yangu, unajua?"

Nikasema, "Brian, hiyo gemu si kama ng'ombe." Akasema anajua, ni afadhali kuliko ng'ombe, haiombi majani.

Nilicheka. Niligeuka nikakoroga mboga na nikacheka!

Jumapili, 30 Machi

Kanisani Mzee alisimama kutoa ushuhuda. Alisimama bila fimbo. Akasema madaktari walifanya yao, lakini Mungu alimtumia binti wa Kikuyu amrudishie mkono, na kwamba yeye aliwakosea wengine kwa maneno huko nyuma, kuhusu mtoto wake kuoa nje, na leo anayarudisha mbele ya wote. Watu walipiga makofi. Mama mmoja nyuma yangu alilia. Mimi niliangalia viatu vyangu.

Sasa nikisema, nanyang'anya mkono peke yake? Nanyang'anya mpaka ushuhuda.

Najua hii hila. Nimeiweka kwenye magemu mengi: mpe mtu kitu cha kupoteza, na hatathubutu kutoka. Sikujua inavyokuwa ukiwa ndani yake.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimempigia Kavetsa. Mtoto analia nyuma, msichana, wamemwita jina la nyanya yake. Sauti yake ilinipa moyo. Nikamweleza. Akasema mkono wenyewe haujaharibika, kuna muda bado, lakini aanze kudaiwa tena, na lazima ajue ni kwa nini. "Mwambie kabla hajamshika ng'ombe wa kweli, Nduta. Akijijulia mwenyewe, hataushika mpira tena."

Kesho. Brian akifunga shule tutakaa sote watatu.

Ijumaa, 4 Aprili

Brian alifika na wageni, walimu wenzake wawili, wamekuja kumuaga Mzee. Walikula, wakaomba. Mzee alikuwa amevaa koti lake la kusafiria kuanzia saa nane.

Sikusema.

Jumamosi, 5 Aprili

Naandika ndani ya gari la Brian, Sugoi, mlango wazi. Nimesema nakuja kuchukua sweta. Ninaona zizi kutoka hapa.

Tulifika mchana. Mzee hakukaa hata kwa chai, alienda moja kwa moja kwa ng'ombe. Chelel alimnusa koti, akamlamba kiwiko. Ana doa begani, pale pale alipokuwa ameniambia nimchoree.

Jioni hii ndiyo ikafika saa ya kukamua. Jirani walikuja, watu wa kanisa walikuja, simu zote zimenyanyuliwa kupiga video. Jemutai akaleta ndama, ndama akaonja, akaondolewa. Mzee akaketi kwenye kigoda, akaweka paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe, akashika chuchu kwa mkono wa kulia. Akafinya.

Hakuna kitu.

Akafinya tena. Niliona vidole vyake vizuri kutoka nilipokuwa. Vilifunga taratibu, kwa kiasi kilekile kilichotosha kila asubuhi kule Kiplombe, si zaidi. Hakuwa na wasiwasi. Hilo ndilo linaniua. Nilikuwa nimejiandaa kuona haya usoni mwake na hakuna haya yoyote.

"Chuchu imeziba," akasema.

Jemutai akasema alimkamua asubuhi na alikuwa mzima. Mzee akasema, "Basi ameanza kuugua mchana. Lete maji moto." Yakaletwa. Akamkanda, akafinya, hakuna. Jemutai akataka kujaribu, akamzuia kwa kiwiko. "Usimguse, utamuumiza." Nikasogea nikamwambia Mzee ajaribu kwa mkono wa kushoto. Akaniangalia kwa mapenzi kabisa. "Wa kushoto wa nini, na wa kulia uko sawa?"

Hapo ndipo ningesema. Nafasi ilikuwa wazi. Brian akatoa simu akamwita daktari wa mifugo.

Amefika sasa hivi kwa pikipiki, kijana mwenye gambuti. Anapapasa kiwele. Sauti zinafika hapa. Anauliza ng'ombe amekula nini, anauliza joto. Anasema haoni uvimbe, haoni kidonda. Amefungua mkoba, ametoa sindano, ameishika tu. Anamwangalia Mzee. Anamuuliza kwa adabu, "Mzee, haiwezi kuwa ni mkono?"

Mzee anacheka. Kile kicheko cha mpaka kukohoa.

"Mkono ulishapona. Muulize mke wa Brian. Yeye ndiye amekuwa akiupima."

Wote wamegeuka kuangalia gari. Daktari ameshusha sindano, anangoja. Brian anakuja kwa haraka, anatabasamu, anapunga mkono nitoke.

"Nduta, kuja umwambie."